Kadi Niliyoandika kwa Ajili ya Kitabu cha Mtani

Kadi niliyoandika kwa ajili ya kitabu cha mtani wangu ilikuwa na mistari minne, na hakuna hata mmoja niliokuwa na haki ya kuuandika. Niliibuni yote nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, huku nakunywa chai, na nikajiona hodari.

Nafanya kazi kwenye maktaba ya umma hapa Mpanda. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya nondo, mabenchi ya watoto upande wa mlangoni, na feni moja inayozunguka ikijisikia. Wanafunzi huja kujisomea mitihani ikikaribia, na watu wazima huja kusoma magazeti ya juzi. Vitabu vyenyewe vilikuwa vinakaa tu, vingine mpaka kurasa zinashikana. Ndipo mimi na mkuu wangu wa kazi tukatenga kabati moja karibu na mlango, tukaliandika kwa maka peni: WAANDISHI WA KWETU. Tukatangaza kanisani, msikitini na sokoni kwamba yeyote wa mkoa huu aliyeandika chochote kikafungika kuwa kitabu, akilete.

Vikaja. Katekista mstaafu alileta historia ya parokia yake. Nesi mmoja alileta mashairi aliyoyabana kwa stepla. Mkulima mmoja alileta maelezo ya kuhifadhi mahindi yasibunguliwe, ameyachora na picha. Kazi yangu ikawa kuandika kadi ya manila kwa kila kitabu: ndani kuna nini, na kwa nini mtu akisome. Kila Ijumaa nilikuwa naipiga picha kadi moja na kuituma kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp.

Watu walizipenda kadi zangu, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Nikiwa dukani kwetu Makanyagio nanunua sukari, mtu ananisimamisha: "Dada wa vitabu, wiki hii tusome nini?" Mkuu wangu akipata wageni ananinyooshea mkono na kuwaambia, "Huyu kabati lote hili kalimaliza." Nami nilikuwa nainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyelimaliza kweli.

Nilikuwa nimesoma vitabu vinne vya kwanza. Baada ya hapo niligundua kwamba si lazima. Unasoma jalada, unasoma ukurasa wa kwanza, unafungua mmoja wa katikati, halafu unamalizia kwa kuandika "mwisho wake utakushangaza." Hakuna aliyewahi kurudi kunilaumu kwamba hakushangaa. Sitasema nilikosa muda. Muda nilikuwa nao, ila niliutumia kwenye simu, nikiangalia wangapi wameipenda kadi ya Ijumaa.

Mtani wangu alikuja siku ya Jumatano, kwa bodaboda kutoka Magamba. Mzee mrefu, kofia ya kufuma kichwani, na kitabu amekifunga kwenye kipande cha kitenge kama mtu aliyebeba mkate. Alisimama mlangoni akanitazama mimi, akayatazama makabati, akaniuliza kabila langu hata kabla ya salamu. Nilipomwambia ni Msukuma, akacheka kwa sauti, watoto wote wa kwenye mabenchi wakageuka.

"Kumbe siku hizi mnachunga na vitabu!"

"Tunachunga, mzee," nikamjibu, lafudhi yake ya Kifipa nikiwa nimeshaitambua. "Tungewaachia nyie Wafipa mngeshavifungia karanga."

Tukawa tumejuana. Baba yangu alishuka huku na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, na tangu nikiwa mdogo nimekuta Wasukuma na Wafipa wanataniana. Wapo wanaobisha kwamba huu si utani wa tangu enzi, kwamba tumeokotana huku huku. Sisi hatuna habari, tunataniana. Na utani una sheria yake: ukitaniwa hukasiriki. Mtani anaweza kuingia mpaka msibani, akakukuta umejiinamia, akakuambia maneno ambayo ndugu yako wa tumbo moja asingethubutu. Ukinuna, aliyekosa adabu ni wewe.

Kitabu kilikuwa karatasi zilizochapwa na kubanwa kwa ile waya ya plastiki nyeusi ya stesheneri. Ilikuwa nakala moja tu. Nikampa fomu ya kukabidhi ajaze.

"Nijazie we, mtani. Miwani nimesahau."

Nikamjazia. Kwenye sahihi akachora kitu kama msalaba, nikadhani ndiyo sahihi za wazee. Aliniambia ni habari za maisha yake: walivyofungua mashamba Magamba, nyuki, simba, njaa, ndoa. "Tumeandika na binti yangu," akasema. Sikuuliza binti huyo yuko wapi wala anafanya nini. Nilikuwa natafuta muhuri.

Kisha akaweka kiganja chake juu ya kitabu.

"Kisome chote, mtani. Usirukeruke kama mbuzi wenu. Kisome mpaka mwisho, halafu nikija utaniambia huo mwisho ukoje."

Nikamwambia sawa. Moyoni nikasema waandishi wote ni wale wale, wanataka kusifiwa. Nikakitia kwenye droo, na kwenye droo kikakaa.

Baada ya wiki mbili, Jumatano tena, nikasikia lile cheko mlangoni. Kitabu kilikuwa droo ile ile, juu yake kuna chaja ya simu na maganda ya karanga. Mzee akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akavua kofia.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mtani."

"Chote?"

"Chote."

"Na mwisho?"

Ningeweza kusema bado. Neno moja tu, na lisingenipunguzia kitu. Lakini mkuu wangu alikuwa amesimama karibu, na wanafunzi wawili walikuwa wanasikiliza, na mimi ndiye niliyemaliza kabati lote. Nikafanya uso wa mtu anayekumbuka jambo zito.

"Mwisho ndio penyewe, mtani. Mwisho nililia."

Mzee akaikunja kofia yake mara mbili, akaikunjua.

"Ulilia?"

"Nililia hapa hapa nilipokaa."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, akanishukuru bila utani wowote, akaondoka. Mimi nikaona nimemfurahisha mzee wa watu. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa raha kabisa.

Kadi nikaiandika Ijumaa. Naikumbuka hadi nukta: "Mtani wangu Mfipa kaandika kitabu! Aliyemshikia kalamu apewe soda. Utakutana na nyuki, simba na mambo ya kale ya Magamba. Mwisho utakutoa machozi." Kundi la wasomaji likajaa vicheko. Jumatano iliyofuata mzee alipokuja nikamsomea kadi yenyewe kwa sauti, mbele ya watu, nikitamka lile la soda kwa madaha. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, tena sana, kama sheria inavyotaka.

"Atapewa, mtani," akasema. "Atapewa."

Ikawa mazoea yake. Kila Jumatano anakuja sokoni, akimaliza shughuli zake anapita kwetu, anakaa kwenye benchi la watoto linaloelekea lile kabati. Hachukui kitabu, hasomi gazeti. Nilikuwa namtania kwamba Mfipa kaja kulinda mali yake isiibiwe na Wasukuma. Naye ananijibu kwamba tukiiba tutaipeleka malishoni, basi siku inakwisha.

Aliyeazima kitabu kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya huko huko Magamba, mwanamke wa rika langu. Alikaa nacho siku nne. Alipokirudisha hakukiweka mezani. Alikishika kifuani, akasubiri mtu wa mbele yangu aondoke.

"Dada, samahani," akasema. "Ulilia wapi?"

Sikumwelewa. Akafungua kitabu ukurasa wa mwanzo kabisa, ule wa baada ya jalada, akanionyesha mistari miwili: "Maneno ni ya baba yangu. Mkono ni wangu." Kisha akafunua mpaka nyuma. Sura ya nane ilikuwa inaishia na mzee anafunga paa la nyumba ya bati ya kwanza. Ukurasa uliofuata umeandikwa juu: "Sura ya Tisa. Baba." Chini yake palikuwa peupe. Kurasa za mbele yake peupe pia, tano au sita, zimebanwa na waya kama zilivyotoka kwenye mashine.

Mwalimu akanieleza bila kupandisha sauti. Binti alikuwa anafundisha naye shule moja. Mzee alikuwa anasimulia Jumapili mchana, wakitoka kanisani, na binti anachapa kwenye kompyuta ya shule. Sura ya mwisho alimwambia baba yake asimsimulie kitu, hiyo ataiandika mwenyewe, na baba ataisikia siku wakimaliza. Akaugua. Hakukaa sana. Mume wake ndiye aliyechukua faili akalipeleka stesheneri ya Majengo, likachapwa kama lilivyo, na mzee akaletewa kitabu chake baada ya arobaini ya mwanawe.

"Mzee si hajui kusoma," akasema. "We hukujua?"

Nikakumbuka miwani.

"Ametuambia wote kule kwamba binti yake alimaliza. Anasema dada wa maktaba kasoma, akalia. Sasa mimi nimesoma, nikaona pako wazi, nikasema labda kuna karatasi zimechomoka. Ziko hapa?"

Nikamwambia hazipo. Nilisubiri anitukane, na nadhani ningemshukuru. Akasema tu, "Basi utamwambia wewe. Mimi siwezi," akaweka kitabu mezani akaenda zake.

Nilikisoma siku ile ile, sura zote nane, nimekaa kwenye stoo ya vitabu vibovu. Hakikuwa na urefu wa kumshinda mtu. Kilinichukua mchana mmoja, mchana ambao nilikuwa nimekinyima kwa zaidi ya mwezi. Kilikuwa kizuri, na hilo nalo liliniuma. Mzee alikuwa amesimulia jinsi alivyomfundisha binti yake kutofautisha mlio wa nyuki wenye njaa na wa nyuki walioshiba, na binti akaongeza kwenye mabano kwamba mpaka leo hajaijua tofauti, alikuwa anakubali tu ili baba afurahi. Nilicheka peke yangu stoo. Halafu nikakumbuka kwamba mzee hajawahi kuyasikia hayo mabano.

Mtu mwenye haya angekwenda Magamba kesho yake. Mimi nilikaa wiki tatu. Jumatano nikisikia cheko lake nakimbilia stoo, namwambia mwenzangu wa kazini aseme sipo, nimeenda ofisi za mkoa. Nilimsikia akiuliza, "Msukuma wangu kahama? Kafuata majani?" Nami nimesimama nyuma ya rafu, nimebana pumzi, mwanamke mzima mwenye watoto.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Kwenye wiki ya tatu nilianza kuandika ile sura ya tisa. Nilijipa sababu: mzee ana huzuni, karatasi ni nyeupe, mimi naweza kuandika, nani atajua. Nikachapa nusu ukurasa kwa sauti ya binti wa mtu niliyekuwa simjui hata sura. "Baba yangu ni mtu asiyejua kunung'unika," nikaanza, na ikaendelea hivyo, tamu, laini, sentensi baada ya sentensi, kama kadi zangu zote. Nikaichapisha, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Nikapanda bodaboda kwenda Magamba nikiwa na kitabu na ile karatasi, na njia nzima sikuwa nimeamua nitatoa kipi.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Aliponiona akapiga yowe.

"Fungeni zizi! Msukuma kaja, na leo kaja na mkoba!"

Nilitakiwa kujibu. Nikamwamkia tu, "Shikamoo, mzee," na hapo hapo akajua. Akaweka gunzi chini.

"Mtani hatanii. Kuna nini?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla sijakaribishwa, kwa sababu nilijua nikikaa nitafungua ule mkoba. Nilimwambia sikukisoma siku ile aliponiuliza. Nilimwambia nimeshakisoma sasa. Nilimwambia sura ya tisa ina kichwa cha habari na haina kitu kingine.

"Hakuna?"

"Hakuna, mzee. Kuna kichwa tu. Ameandika: Baba."

"Nionyeshe."

Nikafungua ukurasa, nikapiga magoti karibu na kigoda. Akauliza ni hapa, nikamshika kidole chake cha shahada nikakiweka juu ya neno. Akauliza lina herufi ngapi. Nikamwambia nne. Akazigusa moja moja, kisha akakishusha kidole chini ya neno, akakipitisha kwenye ule weupe mpaka ukingo wa karatasi, akageuza, akapitisha na kwenye ukurasa uliofuata. Alifanya hivyo kwa kurasa zote. Mimi nilikuwa natazama punje za mahindi kwenye turubai.

"Nyumbani hapa wangelia kabla hawajafika mwisho," akasema. "Nikasema nitafute mtu asiyemjua mwanangu. Nikasema mtani ataweza."

Nikaokota punje iliyorukia nje ya turubai, nikairudisha.

"Sasa we ulilia nini?"

"Sikulia, mzee. Nilikudanganya."

"Mimi nililia," akasema. "Siku ile uliyoniambia. Nilipanda bodaboda nikiwa nalia, kijana wa watu akasimamisha pikipiki akidhani kaniumiza."

Nikaomba msamaha. Nikamwambia na ile kadi, lile la aliyemshikia kalamu, sikujua. Akasema hilo ni utani, hilo haliombewi msamaha, na akalisema kama mtu anayemsomea mgeni kanuni za nyumba. Kisha akaniambia nikae, nimsomee.

Nilimsomea sura zote nane, mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye turubai. Midomo yake ilikuwa inatangulia, maneno aliyajua. Nilipofika kwenye yale mabano ya nyuki akaninyooshea mkono nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kumbe hakuwa anasikia," akacheka kidogo, akapangusa macho kwa upande wa kiganja. Nilipomaliza ya nane nikafunua. Nikasoma, "Sura ya Tisa. Baba." Mkoba ulikuwa umelala mapajani mwangu. Alisubiri, ingawa alijua, akaendelea kusubiri, halafu akakichukua kitabu akakifunga mwenyewe.

Alinirudishia nirudi nacho. Alisema watoto wa shule watakisoma, kisikae Magamba kwenye moshi. Ile karatasi yangu niliichoma jioni ile kwenye jiko la mkaa, na ninachokionea aibu zaidi ni kwamba niliionea huruma. Ilikuwa imeandikwa vizuri.

Kadi ya zamani niliibandua. Nikaandika nyingine: "Sura nane zimekamilika. Ya tisa mwandishi hakuwahi kuiandika, alifariki. Nimekisoma chote." Kisha nikabandua kadi za vitabu vyote nisivyovisoma. Kabati likabaki na kadi tano. Mkuu wangu aliniuliza nyingine zimekwenda wapi, nikamwambia, na tangu hapo wageni wakija haninyooshei mkono.

Hilo nalivumilia. Nisichokizoea ni Jumatano. Mzee bado anakuja. Mara ya kwanza baada ya Magamba, nilipomwona mlangoni moyo ulinipasuka kwa furaha, nikasema kwa sauti, watoto wasikie, "Haya, Mfipa huyo, ficheni karanga!" Nikasubiri cheko.

Akavua kofia. Akaja mpaka mezani, akanipa mkono.

"Habari za kazi, mama," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

Nikamjibu hawajambo. Akaenda kukaa kwenye benchi lake. Nimemtania kila Jumatano tangu siku ile, ng'ombe, mbuzi, karanga, kila ninachokijua, na kila Jumatano ananisalimia kwa heshima hiyo hiyo, kama anavyomsalimia mtu yeyote wa ofisini.